Maumivu ya mdomo yasimrudishe mtu kwenye ugoro

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowapata watu wengi katika wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge, ambalo kwa kuwa halimlazi mtu kitandani halipewi uzito unaostahili. Ni maumivu ya mdomo yanayomshika mtu mara tu anapoacha kutafuna tumbaku au kubwia ugoro. Mtu anaacha, pengine kwa kusihiwa na watoto wake au kwa mawaidha ya viongozi wake wa dini, pengine kwa sababu amemzika jirani. Na kabla wiki haijaisha, mdomo uliokuwa kimya kwa miaka mingi unaanza kuwaka moto. Hakuna aliyemwambia kwamba hali hiyo huweza kutokea. Yeye anaamua kwamba mwili umeikosa dawa yake, anarudi kwenye ugoro, maumivu yanatulia, na tangu siku hiyo hakuna atakayemshawishi tena kuacha.

Nimefanya kazi ya utabibu katika zahanati za vijijini mkoani Tabora mpaka nilipostaafu, na malalamiko haya nimeyasikia kwa maneno yanayofanana mno. Mzee mmoja, mkulima wa tumbaku, alikuja akisindikizwa na mkewe. Alikaa kwenye benchi karibu na dirisha, leso ameishikilia mdomoni, na lile kopo la dawa ya viatu ambalo miaka yote lilikuwa la ugoro bado lilikuwa kwenye mfuko wa koti, ingawa lilikuwa tupu. "Daktari," alisema, "nilipokuwa nabwia sikujua mdomo kuuma ni kitu gani. Nimeacha, sasa ndiyo unaoza." Mkewe akaongeza kwamba baba hakuwa akila tena chochote isipokuwa ugali uliopoa kwa maziwa ya mgando, na kwamba matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, aliyoyapenda tangu utotoni, hakuweza hata kuyasogeza mdomoni. Nilimwomba ageukie kwenye mwanga na kuushusha mdomo wa chini kwa kidole chake mwenyewe. Pale pale alipozoea kubana ugoro, ngozi laini ya ndani ilikuwa imegeuka nyeupe, yenye mikunjo mikunjo, na ufizi wa mbele ulikuwa umeshuka kiasi cha kuacha mizizi ya meno mawili wazi. Pembeni yake, na chini ya ulimi, kulikuwa na vidonda vidogo vya mviringo, katikati vya rangi ya manjano iliyopauka, vimezungukwa na ukingo mwekundu. Vidonda ndivyo vilivyomleta zahanati. Ule weupe, ambao ndio ulionitia wasiwasi mimi, hakuwahi kuujali, kwa kuwa haukuwahi kumuuma.

Katika mdomo wa mzee yule mmoja yamo karibu yote ninayotaka kuyasema, kwa hiyo nitayaeleza kwa utaratibu.

Tumbaku ikikaa mahali pamoja mdomoni kwa muda mrefu, ngozi ya ndani hujikinga kwa kunenepa na kukakamaa, kama mkono wa mshika jembe unavyoota sugu. Ngozi hiyo iliyokakamaa haipati kwa urahisi vile vidonda vidogo vya kawaida ambavyo watu wengi huvipata mara kwa mara. Mtu akiacha, tabaka hilo nene huanza kupungua, na ngozi inayobaki juu ni mpya, nyembamba, ambayo kila kitu huiumiza: chumvi, pilipili, ndimu, chai ya moto, hata ncha ya jino lililovunjika. Hapo ndipo vidonda hujitokeza. Kwa kawaida vidonda vya aina hii hupona vyenyewe katika muda wa wiki moja hadi mbili, ingawa vingine huweza kuota vile vya mwanzo vinapokauka.

Nikotini nayo ina sehemu yake. Hupunguza hisia ya maumivu kwa kiasi fulani, na hubana mishipa midogo ya damu, hivyo mtumiaji anaweza kuishi na fizi zinazougua kwa miaka bila kuona damu wala kusikia maumivu makali. Akishaacha, nikotini haikawii kutoka mwilini, kwani kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Baada ya siku chache fizi zilizokuwa zimepauka zinaweza kuwa nyekundu na kutoa damu wakati wa kupiga mswaki, na mwenye nazo hudhani ndipo ugonjwa umeanza. Ugonjwa ulikuwapo siku zote. Kilichoondoka ni kifuniko chake. Na pale ambapo ufizi umeshuka, mizizi ya meno iliyo wazi husikia baridi na moto, na meno hutiwa ganzi kwa maji ya mtungi tu. Ufizi ulioshuka, nasikitika kusema, haurudi kupanda wenyewe. Unaweza kuzuiwa usishuke zaidi, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuacha mapema.

Lipo pia suala la magadi. Ugoro unaouzwa minadani kwetu husagwa na kuchanganywa na magadi, na wauzaji husifia kwamba magadi ndiyo yanayoufanya uwe mkali. Ni kweli kabisa, na ndiyo hatari yenyewe: magadi huifanya nikotini ipenye kwenye ngozi ya mdomo kwa haraka zaidi, hivyo huongeza uraibu, na wakati huohuo yenyewe huichubua ngozi hiyo. Aliyezoea ugoro wa magadi makali hupata shida zaidi ya kuacha, na familia yake ingefaa ilijue hilo kabla ya kumlaumu kwa udhaifu wa nia.

Mambo haya si ya kubuni. Uchunguzi uliofanywa nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2004, uliowahusu watu walioacha sigara, uligundua kwamba wapatao wawili katika kila watano walipata vidonda mdomoni, wengi wao katika wiki mbili za mwanzo, na kwa walio wengi vilikuwa vidonda vyepesi vilivyopita. Huko Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, madaktari wa meno waliwachunguza vijana walioingia mafunzo ya Jeshi la Anga, ambako tumbaku ya aina yoyote ilipigwa marufuku kwa kipindi chote cha mafunzo. Baada ya wiki sita, madoa meupe ya wale waliokuwa wakitumia tumbaku isiyo ya moshi yalikuwa yametoweka karibu yote. Hao walikuwa vijana, na mzee aliyebana ugoro tangu ujana wake hawezi kuahidiwa matokeo kama yao. Hata hivyo habari hiyo inatia moyo mno, na sielewi kwa nini haisimuliwi katika vyumba vyetu vya kusubiria matibabu: ngozi ya mdomo inajua kujirekebisha ikiachwa kwa amani.

Sasa niseme lile linaloniuma zaidi. Watu wetu wamezoea kuupima ugonjwa kwa maumivu. Kinachouma ndicho kinachopelekwa zahanati, na kisichouma kinasubiri mavuno. Saratani ya kinywa, katika hatua zake za mwanzo, mara nyingi haiumi. Huanza kwa doa jeupe lisilofutika kwa kitambaa, au doa jekundu, ambalo ni la hatari zaidi kuliko jeupe, au kidonda kigumu kisichopona, au uvimbe mdogo shavuni, au jino linalolegea bila sababu, au ganzi ya ulimi. Inapoanza kuuma, inapofanya kumeza kuwe shida na kutoa tezi shingoni, mara nyingi imekwisha kusambaa, na matibabu yake ni marefu na ya gharama, yanayomtoa mtu Urambo na kumpeleka Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa hiyo aliyeacha ugoro na anaumwa vidonda vidogo vya siku nne yuko, kwa kawaida, katika hali nzuri kuliko anayeendelea kubwia akiwa na doa asilolijua. Anayehitaji kuhimizwa zaidi afungue mdomo achunguzwe ni huyo wa pili.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limekwisha kuamua kwamba tumbaku isiyo ya moshi husababisha saratani ya kinywa, ya umio na ya kongosho, na zaidi ya kemikali 28 zenye uwezo wa kuleta saratani zimetambuliwa ndani yake. Nayataja haya kwa sababu bado nawasikia watu wazima, wenye akili zao, wakisema kwamba ugoro hauna neno kwa kuwa hauna moshi. Wako akina mama, wengine wakiwa wajawazito, ambao kamwe wasingeshika sigara kwa kuona ni aibu, lakini hubwia ugoro kwa imani hiyo. Nikotini humfikia mtoto tumboni hata kama hakuna moshi uliovutwa.

Mzee niliyemtaja alisukutua maji ya chumvi, akaacha pilipili, akapewa dawa ya maumivu ya kumeza, na vidonda vyake vikakauka. Weupe ulipungua lakini haukuisha, nikamwandikia rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, ambako alikatwa kinyama kidogo kikapelekwa maabara. Majibu yalionyesha kwamba haikuwa saratani. Aliambiwa arudi kuangaliwa kila baada ya miezi kadhaa, naye akawa anarudi. Kama maumivu yangemrudisha kwenye ugoro, wala asingefika zahanati, na doa lile lingeendelea kulishwa.

Niguse pia tiba za nyumbani, maana nyingine huongeza majeraha. Kuna wanaoponda aspirini na kuipaka kwenye ufizi unaouma. Aspirini huunguza ngozi ya mdomo na kuacha kidonda cheupe kikubwa kuliko cha kwanza. Mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa nayo huchoma ngozi iliyo wazi. Wako wanaothubutu kupaka maji ya betri, na kuhusu hilo sina la kusema isipokuwa kuwasihi wasifanye. Kuna wanaoweka tumbaku yenyewe kwenye jino linalouma, na wengi wa wazee wetu walianzia hapo hapo: jino liliwauma ujanani, mtu akawapa kipande cha tumbaku, jino likatulia, nao wakabaki na tumbaku maisha yao yote. Asali yetu ya Tabora, ambayo watu huipaka kwenye vidonda, haina ubaya ikiwa safi, ila isiachwe usiku kucha kwenye meno yenye mizizi wazi, kwa sababu ni sukari.

Wengine hutafuta kitu cha kutafuna badala ya tumbaku, na hilo ni jambo la kueleweka, kwani mdomo uliozoea kazi hukosa mate na utulivu unapokaa bure. Lakini michembe mikavu ya viazi vitamu na karanga za kukaanga huchubua ngozi ambayo haijakomaa, na tambuu yenye popoo ni kuruka mkojo na kukanyaga mavi, maana popoo nalo limethibitishwa kuleta saratani ya kinywa hata bila tumbaku ndani yake. Kijiti laini cha mswaki, au maji ya kunywa kidogo kidogo, vinatosha kuupitisha ule mwasho wa siku za mwanzo, ambazo ndizo ngumu zaidi. Hasira, kukosa usingizi na njaa isiyo ya kawaida huwa kali katika wiki ya kwanza, kisha hupungua taratibu katika wiki mbili hadi nne. Mke au mtoto anayeishi na mtu aliye katika siku hizo anahitaji uvumilivu wa pekee, na ningependa aambiwe mapema.

Jambo moja linahusu mkoa wetu zaidi ya mikoa mingine. Tumbaku ndiyo iliyosomesha watoto wetu na kuezeka nyumba zetu kwa bati, na siandiki barua hii kumlaumu mkulima. Lakini mkulima aliyeacha kutafuna bado anaishi na jani. Anapovuna majani yenye umande au yaliyonyeshewa mvua, nikotini humwingia kupitia ngozi ya mikono, na hicho ndicho chanzo cha kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu ambacho watu hukihusisha na jua au njaa. Mtu huyo anaweza kuona hamu ya ugoro inamrudia kila msimu wa kuvuna asijue sababu. Avae glavu na shati la mikono mirefu, asubiri majani yakauke umande, anawe kwa sabuni kabla ya kula, na wakati wa kuchambua madaraja, ambapo jani kavu zuri huwa limetapakaa mapajani mwake, asikae na kipande kinywani eti kwa kuonja ubora. Najua ninalolisema, nimeketi kwenye mabanda hayo.

Sheria tunayo, ya mwaka 2003, ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, nayo inakataza kuwauzia walio chini ya umri wa miaka 18. Pakiti ya sigara ina onyo. Ugoro wa mnadani hupimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye karatasi ya daftari la mwanafunzi. Onyo litaandikwa wapi? Kila tarehe 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani inapoadhimishwa, hotuba nyingi ninazozisikia ni za sigara, na mbwia ugoro aliyekaa nyuma ya mkutano huondoka akiamini kwamba hayamhusu.

Ninachoomba si kikubwa. Wahudumu wa zahanati wamwangalie mdomoni kila mtu mzima anayekuja kwa ugonjwa wowote na kukiri kwamba anatumia tumbaku: tochi ya simu na dakika mbili zinatosha kuinua ulimi, kuvuta mashavu na kuangalia nyuma ya midomo. Anayesema anataka kuacha aelezwe papo hapo kwamba mdomo unaweza kuuma, na kwa nini, na kwa muda gani. Wasisahau pia kwamba si kila mdomo unaouma baada ya kuacha tumbaku unaumwa kwa sababu hiyo. Kisukari, upungufu wa damu, fangasi na maambukizi ya VVU huonekana mdomoni, na vipimo vyake vipo. Waganga wakuu wa wilaya nao wangeweza kuwatuma wataalamu wa meno kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima siku za masoko ya tumbaku, ambapo wakulima hukaa kutwa nzima wakisubiri marobota yao yapimwe na wateuzi wayapangie madaraja. Sioni mahali pengine ambapo utawapata watumiaji wengi kiasi hicho wakiwa wameketi, hawana kazi nyingine, na wako tayari kuzungumza. Vyama vya msingi vina mikutano, vina vipaza sauti, na wanachama huwasikiliza viongozi wao kuliko wanavyotusikiliza sisi wa koti jeupe.

Na kwako wewe, Mhariri, ombi langu ni kwamba barua hii, au hata sehemu yake, itolewe wakati masoko yanapofunguliwa, kwa sababu gazeti moja ghalani husomwa kwa sauti na kusikilizwa na watu wengi.

Aliyeacha wiki hii na ambaye mdomo unamuuma leo, achanganye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, asukutue na kutema, afanye hivyo mara tatu au nne kwa siku, hasa baada ya kula. Apige mswaki laini bila kusugua kwa nguvu, na chakula chake kiwe laini na kilichopoa. Aandike kwenye kalenda tarehe ambayo kidonda kilianza. Zikipita wiki mbili na kidonda kile kile bado kipo, au akiona doa ambalo halikuwapo, aende zahanati iliyo karibu na aseme wazi kwamba alikuwa akitumia tumbaku, alikuwa akiibana upande gani, na kwa miaka mingapi, ili anayemwangalia ajue pa kuelekeza tochi.

Wako,
Tabibu mstaafu,
Urambo, Tabora.